Nagombea tena udiwani mji wa pwani. Kazi yangu iko chini ya ardhi, nitaionyeshaje?

Mtu wa Mifereji (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Kwa kawaida mimi ni msomaji tu humu, ila leo nimefungua uzi kwa sababu jambo lenyewe linaninyima usingizi na nyumbani wameshachoka kunisikiliza.

Mimi ni diwani wa muhula mmoja. Mji siutaji, kata siitaji, chama ndiyo kabisa. Itoshe kujua ni mji wa pwani, kata yangu iko bondeni na inaishia baharini. Muhula unaelekea ukingoni na nimeshachukua fomu ya kurudi.

Wapo madiwani wanaohangaika kwa kuwa hawakufanya kitu. Mimi nimefanya, ila nilichofanya kikienda vizuri hakuna kinachotokea. Nimehangaika na mfereji.

Nilipoomba kura mara ya kwanza kata ilikuwa inafurika hata kwa mvua ya kawaida. Nikaahidi mfereji mpana. Kila mkutano, mfereji mpana, na mwenyewe niliamini. Nilipoapishwa, mhandisi wa halmashauri, mtu mzima mwenye maneno machache, akanipeleka hadi mfereji unapomwagia baharini. Siku aliichagua makusudi, siku ya bamvu. Tukakuta bahari imepanda juu ya mdomo wa mfereji, maji ya chumvi yanapandisha taratibu kuelekea mtaani, na angani hakuna hata wingu. Akaniuliza, "Mheshimiwa, hata tukiupanua ukawa mto, maji ya mvua yatatokea wapi?"

Nilinyamaza. Miezi mizima nilikuwa nimeomba kura kwa kitu ambacho kingeifungulia bahari njia pana zaidi ya kuingia majumbani.

Kwa wasiokaa pwani: bahari hujaa na kupwa kila siku, lakini kimo hakilingani. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu hujaa sana na kupwa sana, ndiyo bamvu hiyo. Katikati yake kuna maji mafu, bahari haiendi mbali wala hairudi mbali. Mvua ikinyesha saa ya kupwa, inapita na kwenda zake. Mvua ileile ikikutana na kilele cha bamvu haina pa kutokea. Ndiyo maana watu mtaani walikuwa wakigombana, huyu anasema mfereji unafanya kazi, yule anasema haufanyi, na wote wawili wanasema kweli. Ongeza kwamba usawa wa bahari duniani ulipanda kama sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, kwa hesabu za IPCC, lile jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi. Sentimita 20 ni shubiri moja. Kwenye mfereji usio na mteremko, shubiri moja ni mtaa mzima.

Kilichotakiwa ni vitu viwili. Kwanza mlango wa chuma kwenye mdomo wa mfereji, unaosukumwa na bahari ukajifunga wenyewe na kufunguliwa na maji ya mvua bahari ikipwa. Pili, bwawa la kuyahifadhi maji ya mvua kwa yale masaa machache mlango ukiwa umefungwa. Mlango haukuleta ugomvi. Bwawa lilileta, kwa sababu eneo pekee la wazi lilikuwa limeshatolewa macho na watu wenye uwezo, na pembezoni mwake walikuwepo mafundi mashua waliokaa pale miaka na miaka. Wale wenye uwezo niliwashinda kwenye kikao, kwa kura chache. Mafundi tuliwahamisha. Hilo la mafundi linaniuma mpaka leo, nitalirudia.

Msimu uliopita mvua kubwa ikakutana na bamvu usiku. Nilikesha pale mlangoni na tochi. Maji yalijaa bwawani hadi nikaanza kusali, kisha bahari ikaanza kupwa, mlango ukagonga mara mbili ukafunguka. Hakuna nyumba iliyoingia maji. Asubuhi nikapita mtaani nikisubiri japo neno moja. Mama mmoja akanisimamisha: "Diwani, ile taa ya kona itawaka lini?"

Kata ya jirani usiku uleule ilifurika. Diwani wao aliingia majini hadi magotini, akabeba mtoto wa watu mgongoni, magodoro yakagawiwa, picha zikazunguka kila simu. Simsemi vibaya, mtoto aliokolewa kweli. Lakini leo yeye anapita kama bwana harusi, mimi naulizwa taa.

Nikadhani ni wivu wangu tu, kumbe jambo hili limeshapimwa. Wasomi wawili wa Marekani, Andrew Healy na Neil Malhotra, walichapisha utafiti wao mwaka 2009 wakilinganisha fedha za maafa na kura za urais kaunti kwa kaunti. Wapiga kura waliwazawadia walioko madarakani kwa fedha za msaada baada ya maafa. Kwa fedha za kujikinga kabla ya maafa hawakuwapa kitu. Na wao wenyewe wakakadiria kwamba dola 1 ya kujikinga iliepusha hasara ya baadaye ya kama dola 15. Yaani godoro lina kura, mlango wa chuma hauna.

Sasa nisaidieni. Kazi ya namna hii inaombewa kura vipi? Na je, niseme hadharani kwamba ahadi yangu ya kwanza ilikuwa ya kijinga? Wapambe wangu wananiambia nisithubutu.

Kabla hamjaniuliza kwa nini narudi: bwawa halijachimbwa hadi kina kilichopangwa, na nikiondoka lile eneo litauzwa kabla tope halijakauka. Posho na kuitwa mheshimiwa pia vinapendeza, nisijifanye malaika.

Chawa Mstaafu

Magodoro yanapiga kura mkuu, hujui? Subiri mvua ifurike kidogo halafu uingie majini na kamera. Mlango uufunge kwa kamba siku hiyo. Natania. Kama natania.

Mpiga Kura Mkaidi

Nimesoma yote. Umeandika vizuri, na ndicho kinachonitia wasiwasi, maana wanaoandika vizuri nawajua.

Swali la kwanza: ahadi zilikuwa ngapi? Umetueleza moja, tena ile iliyogeuka kuwa hadithi nzuri. Taa ya kona imekuwa kichekesho kwenye simulizi yako, lakini yule mama hakuwa anatania. Yeye anapita pale usiku. Kwako lile ni jambo dogo kwa sababu ulikuwa umetoka kushindana na bahari. Kwake ndilo jambo.

Swali la pili: kama kata yako ndiyo ninayoidhani, kuna kifuniko cha mfereji hakipo karibu na kona hiyohiyo. Shimo wazi. Watu wamesimika tawi la mti ndani yake ili mtu asidumbukie. Umejenga mlango wa kuizuia bahari, umeshindwa kifuniko?

Mtu wa Mifereji

Kuhusu kata sikatai wala sikubali. Kuhusu tawi, nimeliona.

Ahadi zilikuwa saba. Zilizokamilika ni mbili na nusu.

Karani wa Zamani

Mheshimiwa, nimefanya kazi ya kuandika mihtasari ya vikao vya halmashauri kwa zaidi ya miaka ishirini, katika mji ambao nao una bahari. Nimeona madiwani wakija na kuondoka. Ruhusa nizungumze kidogo.

Huyo Mkaidi amekugusa pazuri, "mbili na nusu" ni jibu zuri kuliko uzi wako wote. Diwani anayerudi huwa anadhani anashindana na mgombea mpya. Mgombea mpya hana historia, ni karatasi nyeupe, mtu anaiandika anachotaka. Wewe unashindana na zile sauti zako za mwaka ule, na siku hizi zimerekodiwa.

Kosa nililoliona mara nyingi ni diwani kusema "nimejenga". Diwani hajengi. Diwani ana kura moja kwenye baraza, ana nafasi kwenye kamati, ana haki ya kuuliza na kuomba nyaraka, na ana miguu ya kwenda ofisini kwa watendaji hadi wamchoke. Bajeti ni ya baraza, utekelezaji ni wa watumishi. Ukisema "nimejenga", basi na barabara iliyobomoka umeibomoa wewe. Wapinzani wanalijua hilo, wanakaa kusubiri useme.

Nenda ofisi ya halmashauri, omba mihtasari ya muhula mzima. Angalia vikao vingapi ulihudhuria, hoja zipi ulileta, ulipiga kura gani siku ya lile eneo la bwawa. Ukiweza chapa ukurasa mmoja. Niliwahi kumwona diwani mmoja akifanya hivyo, akaorodhesha hata kikao alichosinzia. Watu walicheka, wakasoma mpaka mwisho. Alishinda, ingawa sisemi alishinda kwa ajili hiyo, mpinzani wake alikuwa mlevi.

Jingine, usije ukatumia gari, karatasi wala mtumishi wa halmashauri kwenye kampeni. Hapo ndipo wanaorudi hunaswa, kwa sababu kwa miaka kadhaa gari lile walishazoea kulipanda. Uingereza kuna kipindi cha wiki kadhaa kabla ya kura ambapo halmashauri hujizuia kutoa matangazo yanayoweza kumbeba mgombea, na watumishi hukichukulia kwa uzito sana. Hata pasipo na kanuni ya namna hiyo, jiwekee. Uzinduzi wa mradi wiki mbili kabla ya uchaguzi kila mtu anaujua maana yake.

Mhandisi Asiyelala

Mada yangu hii. Nenda kaisome Miami Beach. Mwaka 2013 Philip Levine aligombea umeya akitumia tangazo lililomwonyesha akipiga kasia kwenye kayaki barabarani, kwa sababu mji ule ulikuwa unafurika bahari ikijaa, hata siku za jua. Sawasawa na ulichoonyeshwa na mhandisi wako. Akashinda. Wakaanza mradi mkubwa wa pampu, vizuizi vya maji kurudi kwenye mabomba, na kuinua barabara. Mwaka 2015 akarudi kuomba kura, kule muhula wa meya ni miaka 2 tu, wakampa tena.

Jifunze mambo mawili kwake. Kwanza, aliligeuza tatizo kuwa picha kabla hajawa na suluhisho. Wewe ulianza na suluhisho, tena la makosa. Pili, suluhisho lake lilizaa malalamiko mapya: barabara ikiinuliwa, duka la pembeni linabaki chini ya barabara, na mwenye duka anaanza kuuliza maji ya barabarani yatateremkia kwa nani. Kila kazi ya maji inahamisha maji. Wewe umeyahamishia wapi? Ukijibu "bwawani", nauliza bwawa likijaa yatamwagikia upande gani. Hakikisha unajua kabla mpinzani wako hajakuuliza jukwaani.

Mtu wa Mifereji

Upande wa magharibi, kwenye uwanja wa mpira. Imepangwa hivyo kwenye michoro. Vijana wa timu hawajui.

Mhandisi Asiyelala

Basi waambie wewe kabla mvua haijawaambia.

Msomi wa Kijiweni

Mnazungumzia wapiga kura na maafa, hamjagusa papa!

Julai 1916, fukwe za jimbo la New Jersey kule Marekani, papa walishambulia waogaji, wakafa 4 ndani ya siku kumi na mbili. Hoteli za pwani zikakosa wageni katikati ya msimu. Novemba mwaka huohuo Rais Woodrow Wilson alikuwa anaomba muhula wa pili, na New Jersey alikuwa amewahi kuwa gavana wake. Wasomi Christopher Achen na Larry Bartels walipozichambua zile kura wakasema kaunti za pwani zilimpunguzia Wilson kama asilimia 3. Yaani rais aliadhibiwa kwa kosa la samaki. Nchi nzima alishinda, New Jersey alishindwa.

Sasa diwani, kama rais anabebeshwa papa, wewe utabebeshwa mwezi mpevu.

Mpiga Kura Mkaidi

Hiyo ya papa usiibebe kama msahafu. Anthony Fowler na Andrew Hall waliirudia hesabu wakachapisha mwaka 2018, wakaona matokeo yale hayasimami imara, ukibadilisha kidogo namna ya kulinganisha papa anapotea. Na hata ikiwa kweli, mwenye hoteli aliyekosa wageni ana haki ya kuuliza serikali ilimfanyia nini baada ya papa. Huko si ujinga. Nimechoka na hizi nadharia za "wananchi hawaelewi". Wanaozipenda zaidi ni wanaotaka kurudi.

Msomi wa Kijiweni

Nakubali nusu.

Dada wa Orodha

Habari zenu. Mimi ni diwani pia, ila sikuchaguliwa na kata, niliingia kwa orodha ya chama. Ukitazama Afrika Kusini, miji kama Cape Town na Durban, takriban nusu ya madiwani wanatoka kata na nusu wanatoka kwenye orodha kwa uwiano wa kura za vyama. Wa orodha hatuulizwi taa. Tunaulizwa na chama tu, na kurudi kwetu kunaamuliwa na nafasi unayopewa kwenye ile karatasi. Kwa hiyo kaka, unapolalamika kwamba mama kakusimamisha barabarani, ujue mimi nakuonea gere. Mimi nikifanya kazi usiku kucha hakuna hata wa kunilaumu.

Ila nataka kuuliza lile ulilosema utalirudia na hujalirudia. Mafundi mashua.

Mtu wa Mifereji

Nilijua mtu ataniuliza.

Walikuwa kumi na wanne. Tuliwapa eneo jingine, ambalo kwenye karatasi lilikuwa karibu na maji. Ni kweli lilikuwa karibu na maji, maji yakijaa. Yakipwa, kutoka pale hadi bahari ni matope mwendo mrefu, mashua haiburuziki. Mimi nililitembelea eneo lile mara moja, saa ya kujaa. Mtu aliyeonyeshwa bamvu na mhandisi, akajifunza kwamba bahari ina saa zake, akaenda kuwatafutia wenzake mahali bila kuangalia saa! Tisa wamebaki. Watano waliacha kazi au wamehamia kwingine.

Hawa kumi na wanne wana familia, wana jamaa, wana marafiki wavuvi. Kila mmoja wao anajua jina langu na anajua nilichomfanyia. Waliookoka na mafuriko ni maelfu na hakuna hata mmoja anayejua kuwa aliokoka.

Dada wa Orodha

Umesema mwenyewe. Aliyepoteza ana siku na saa ya kuonyesha, aliyenusurika hana. Usiwapelekee mafundi kipeperushi. Nenda mikono mitupu na uende saa ya kupwa. Uyakanyage hayo matope.

Na usiende na mpiga picha.

Wakala wa Kituo

Mnajadili wapiga kura kana kwamba jina lake limeshapita! Mkuu, chama chako kimekupitisha? Mimi nimesimamia vituo chaguzi nne, nakwambia madiwani wengi wanaoshindwa kurudi hawaangushwi na wananchi, wanaangushwa ndani. Wale uliowanyima lile eneo la wazi hawahitaji kukushinda kwa kura elfu tano. Wanahitaji chumba kimoja chenye watu wachache.

Mfano wa mji wa pwani huu hapa, japo ni wa ngazi ya meya. Beira, Msumbiji. Daviz Simango alichaguliwa mwaka 2003 kwa tiketi ya Renamo. Mwaka 2008 alipotaka kurudi, chama kikamwacha, kikasimamisha mwingine. Akagombea kama huru, akashinda, mwaka uliofuata akaanzisha chama chake cha MDM. Akaendelea kuongoza mji hadi alipofariki mwaka 2021. Na Beira ni bonde tupu, mambo ya maji ndiyo siasa ya mji. Wakati kimbunga Idai kinapiga Machi 2019 yeye ndiye alikuwa meya.

Lakini angalia sheria ya kwenu kwanza. Kenya mgombea huru anaruhusiwa hadi kwenye wadi, Tanzania ni lazima udhaminiwe na chama. Kama uko penye sheria ya namna hiyo, ukiachwa umeachwa.

Halafu usidharau kura moja. Mei 2017, huko Blyth, mji wa bandari kaskazini mashariki mwa Uingereza, wagombea wawili wa kata moja walilingana kura baada ya kuhesabu na kurudia. Wakavuta vijiti. Kijiti kikakipokonya chama cha Conservative wingi kamili kwenye baraza zima la Northumberland. Miaka ya kampeni, ikaisha kwa kijiti. Kwa hiyo huyo mama wa taa mfuate.

Mzee wa Gati

Kijana mimi nasema kipindi kimoja kinatosha. Mtu akikaa sana anaanza kuona kiti ni chake. San Francisco diwani wao haruhusiwi zaidi ya vipindi viwili mfululizo. New York nayo ilikuwa hivyo, mwaka 2008 madiwani wakakaa wenyewe wakajiongezea cha tatu, kura 29 kwa 22. Mwaka 2010 wananchi wakaurudisha ukomo wa vipindi viwili kwa kura ya maoni. Unasema ukiondoka eneo litauzwa. Kila anayetaka kubaki ana eneo lake litakalouzwa.

Mtu wa Mifereji

Shikamoo mzee. Sina la kukubishia kwa jumla, ila kwa hili eneo naomba unisikilize. Nimeuliza leo baada ya kusoma ushauri wa Karani. Lile bwawa halimo kwenye ramani ya mipango miji. Lipo kwenye muhtasari wa kikao tu. Ramani bado inasema pale ni viwanja. Miaka yote hii sikuwahi kuangalia.

Karani wa Zamani

Hilo ndilo la kushughulikia wiki hii, achana na mabango. Muhtasari unasema baraza liliamua. Ramani inasema ardhi ni ya nini. Atakayekuja baada yako, akiwa adui au rafiki, atafungua ramani. Peleka hoja ya kubadilisha matumizi ya ardhi kwenye kamati kabla baraza halijavunjwa. Ukipata hiyo, mzee wa Gati atakuwa amepata jibu lake na wewe utakuwa huna tena kisingizio cha kurudi. Ukiamua kurudi iwe kwa sababu nyingine.

Mzee wa Gati

Marahaba. Huyu karani angegombea yeye.

Mtu wa Mifereji

Wakuu, nimerudi baada ya siku kumi na moja. Nitaeleza kwa kifupi kwa kuwa nimechoka sana.

Hoja ya ramani imepita kwenye kamati, bado baraza. Nilipoiwasilisha, mwenyekiti akaniuliza mbele ya watu kama sijaona ni ajabu kuileta mwishoni mwa muhula. Nikamwambia ni ajabu kweli, nilisahau. Pakawa kimya, wakapitisha.

Mafundi nimekwenda, saa ya kupwa. Matope yalinifika kwenye mapaja. Hawakunikaribisha wala hawakunifukuza. Mmoja tu alizungumza, akasema kinachotakiwa si pesa, ni njia ya kuburuzia mashua, magogo ya kulaza juu ya matope hadi penye maji. Mhandisi anasema inawezekana. Sijaahidi. Nimesema nitaleta jibu la ndiyo au hapana kabla ya kampeni kuanza, wakacheka.

Vijana wa timu nimewaambia kuhusu uwanja. Walinizomea. Kisha nahodha akauliza maji yatakaa siku ngapi, nikamwambia masaa, akasema basi tungejua tangu mwanzo tusingeweka magoli ya chuma upande ule.

Na kuhusu kuonyesha kazi, nimeamua sichapi picha ya mfereji, hakuna picha inayovutia ya mfereji. Nimeitisha mkutano wa kata pale mdomoni, siku ya bamvu lijalo, jioni bahari ikiwa inajaa. Wasimame waone mlango ukijifunga wenyewe. Nitaanza kwa kusema niliwaahidi mfereji mpana na nilikosea. Wapambe wawili wameniambia hawatakuja.

Chama bado hakijasema kitu. Wakala, ulichosema kuhusu chumba chenye watu wachache, nimeanza kukiona.

Wakala wa Kituo

Pole. Hesabu vichwa mapema, na usihesabu wanaokuchekea.

Chawa Mstaafu

Mimi nitakuja kuona huo mlango. Magodoro yatakuwepo?

Mpiga Kura Mkaidi

Nitakuja pia. Nitasimama nyuma, sitapiga makofi. Taa?

Mtu wa Mifereji

Taa imewaka tangu juzi. Tatizo lilikuwa nguzo, imebadilishwa. Mama nilimpitia nikamwambia, akasema ameshaona, akauliza ya kona ya pili.

Mpiga Kura Mkaidi

Na kifuniko?

Mtu wa Mifereji

Kimeletwa leo mchana. Nimekipima mwenyewe, hakiingii. Kimezidi vidole viwili. Tawi tumelirudisha shimoni, fundi anakuja na msumeno asubuhi.